Jina Katika Orodha: Wachache wa Kijinsia Wakati wa Maafa na Ugawaji wa Misaada

1. Utangulizi

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya aliombwa kuifasiri kwa Kiswahili fomu ya kuandikishia watu waliohamishwa na mafuriko. Ilikuwa karatasi ya kurasa mbili tu, na kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Safu ya kwanza ilitaka jina la mkuu wa kaya. Ya pili ilitaka jinsia yake, mwanamume au mwanamke. Ya tatu jina la mumewe au mkewe. Ya nne hesabu ya watoto. Mwisho palikuwa na nafasi ya kutia sahihi au alama ya kidole gumba. Maneno ya Kiswahili yalipatikana bila taabu. Lakini kila neno lilipokwisha kupatikana, swali lilizuka: je, ni nani atakayeulizwa jambo hili akakosa jibu, na akikosa jibu, atapata unga?

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Madhumuni yetu ni kueleza taabu zinazowapata watu wa makundi ya wachache wa kijinsia wakati wa maafa ya asili, na hasa wakati wa kugawa misaada. Tutaangalia mifano ya India, Haiti, Nepal, Marekani na Indonesia, kisha tutarejea kwetu. Hoja yetu ni kwamba taabu hizo hazitokani na chuki ya mtu mmoja mmoja peke yake. Sehemu kubwa yatokana na orodha, yaani maneno yaliyochaguliwa kuhesabia watu kabla maafa hayajatokea, yakachaguliwa na mtungaji ambaye hakuwa na watu hawa akilini mwake.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lalihusu nini jarida la lugha. Jibu ni kwamba mgao wa chakula huanza na nomino. Kabla mtu hajapimiwa mchele hana budi kuitwa kwa neno fulani: mjane, yatima, mama, mkuu wa kaya. Aliye na neno huingia katika foleni; asiye na neno hubaki kando akitazama. Kazi ya kuchunguza maneno ni yetu, na hatuwezi kuwaachia makarani peke yao.

2. Maneno tutakayoyatumia

Kwa Kiingereza watu tunaowazungumzia hutajwa kwa herufi nne, LGBT. Kwa Kiswahili yafaa tueleze kwa utuo. Wamo wanawake wapendao wanawake na wanaume wapendao wanaume. Wamo wapendao jinsia zote mbili. Na wamo wale ambao nafsi zao haziafikiani na jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Mara nyingi hutajwa pamoja nao wale waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike kwa ukamilifu, ambao Kiswahili, kwa kufuata Kiarabu, huwaita huntha. Yatupasa tusiwachanganye: huntha ni jambo la maumbile, na mapenzi ni jambo jingine. Tunawataja pamoja hapa kwa sababu moja tu, kwamba mbele ya karani wa misaada wote hukutana na safu zile zile mbili. Kwa ufupi tutawaita wachache wa kijinsia.

Kiswahili chenyewe hakikosi maneno katika uwanja huu, ila mengi yamebeba dharau, na mengine yamehama maana. Mfano ulio wazi ni neno shoga. Katika pwani neno hili lilikuwa, na kwa wengi lingali, neno la upendo kati ya mwanamke na rafikiye wa kike. Leo likitamkwa katika miji ya bara, msikilizaji hufikiri matusi kwa mwanamume. Neno lililohama namna hiyo haliwezi kuandikwa katika fomu ya serikali, kwani hakuna atakayejitaja kwalo mbele ya majirani.

Kwa upande mwingine, sarufi yetu ni karimu. Yeye ni yeye, awe mume au mke. Kiambishi a- katika amekuja hakimtengi mwanamke na mwanamume. Baadhi yetu hujivunia jambo hili na kudhani kwamba lugha ya namna hii huzaa jamii isiyobagua. Mifano itakayofuata itatuonya. Krioli ya Haiti ina kiwakilishi kimoja tu, li, kwa mume na mke. Kiindonesia nacho kina dia, lisilobagua. Hata hivyo, kama tutakavyoona, kiwakilishi hakikumnusuru mtu foleni ilipotangazwa kuwa ya wanawake peke yao. Ubaguzi hautoki katika viwakilishi. Watoka katika nomino na katika safu.

3. Tamil Nadu: mtu asiye na safu

Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la ardhi chini ya bahari karibu na Sumatra lilizusha mawimbi ya tsunami yaliyovuka Bahari ya Hindi yote. Yalifika hadi pwani yetu: karibu watu 300 walikufa Somalia, na hapa Kenya mtu mmoja. Katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, walikufa karibu watu 8,000, na walio wengi walikuwa wa wilaya ya Nagapattinam.

Katika jimbo hilo wanaishi watu waliojulikana kwa jina la aravani. Ni watu waliozaliwa wakaandikwa wanaume, lakini wanaishi na kujiona kuwa si wanaume. Jina lao latokana na Aravan, mhusika katika masimulizi ya Mahabharata, ambaye kila mwaka katika kijiji cha Koovagam huozwa kwao katika ibada, na kesho yake huomboleza kama wajane wake. Baadaye wengi wao walipendelea neno thirunangai, ambalo lina heshima zaidi. Kwa hiyo si kweli kwamba jamii ya Kitamil haikuwajua. Iliwajua, ikawapa jina, na hata siku yao katika kalenda ya ibada. Kilichokosekana ni nafasi katika fomu.

Mtafiti Chaman Pincha, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 2008, alionyesha jinsi ukosefu huo ulivyofanya kazi. Kwanza, hesabu ya aravani waliokufa haikupata kujulikana, kwa sababu orodha za maiti zilikuwa na jinsia mbili tu. Pili, wengi wa waliosalia hawakuwa na kadi ya mgao, ambayo nchini India wakati huo ndiyo iliyokuwa njia ya kupatia mchele na mafuta ya taa kwa bei nafuu, na ndiyo pia iliyokuwa ushahidi kwamba mtu ni mkaazi wa mahali fulani. Wengi wa aravani hufukuzwa kwao wangali vijana, wakaishi pamoja chini ya mmoja aliye mkubwa wao, ambaye huwa kwao kama mama. Nyumba ya namna hiyo haikuhesabiwa kuwa nyumba. Basi mtu alipoteza paa lake kwa maji, na alipokwenda kudai paa jingine akaulizwa kadi ambayo hangeweza kuipata hata kabla ya maji.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Maafa hayakuunda upungufu huu, yaliukuta. Wakati wa amani mtu asiye na kadi huweza kujisaidia kwa namna yake: huomba, huimba arusini, hukopa kwa rafiki. Siku ya maafa njia hizo zote hufungwa kwa pamoja, na hubaki mlango mmoja tu, wa orodha.

Ni haki pia kueleza kwamba mambo yalibadilika. Mwezi wa Aprili 2008 serikali ya Tamil Nadu iliunda bodi ya ustawi wa aravani, na kadi za mgao zikaanza kutolewa kwa watu wa jinsia ya tatu. Sensa ya India ya mwaka 2011 iliweka nafasi ya "nyingine" katika safu ya jinsia, na watu zaidi ya 487,000 wakahesabiwa humo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikatamka kwamba jinsia ya tatu yatambuliwa na sheria. Watu hawa hawakuzaliwa mwaka 2011. Walikuwapo siku zote. Kilichozaliwa ni safu.

4. Haiti: kaya ni nini?

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la kipimo cha 7.0 liliuangamiza mji wa Port-au-Prince na vitongoji vyake. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu hata kwa makadirio ya chini, na watu kama milioni moja na nusu walibaki bila makao. Miongoni mwa majengo yaliyoanguka ilikuwamo ofisi ya SEROvie, shirika la Kihaiti lililowahudumia wachache wa kijinsia. Wanachama walikuwa mkutanoni saa hiyo, na kadha wao wakafa.

Siku za kwanza chakula kiligawiwa kwa vurugu; wenye nguvu waliwapiga kumbo wanyonge. Ili kuondoa dhuluma hiyo, Shirika la Chakula Duniani liliamua, kuanzia mwisho wa mwezi huo, kutoa kuponi kwa wanawake peke yao, kila mmoja mfuko wa mchele wa kilo 25. Uamuzi huu ulikuwa na hekima ndani yake. Ulitokana na maarifa ya kweli kwamba chakula kinachotiwa mikononi mwa mama hufika vinywani mwa watoto kwa hakika zaidi. Hatuna sababu ya kuulaumu kwa nia yake.

Lakini uamuzi huo ulijengwa juu ya dhana moja, kwamba kila mwanamume ana mwanamke nyumbani mwake: mama, mke, dada au binti. Taarifa iliyotolewa mwezi wa Machi 2011 na SEROvie, pamoja na shirika moja la kimataifa la haki za binadamu, ilionyesha ni nani walioanguka nje ya dhana hiyo. Wanaume waliofukuzwa na jamaa zao kwa kuitwa masisi, ambalo ndilo neno la mitaani la mwanamume apendaye wanaume, hawakuwa na mwanamke wa kuwachukulia kuponi. Waliozaliwa wakaandikwa wanaume, nao wakaishi kama wanawake, walifukuzwa katika foleni ya wanawake. Kambini nako, ambako kuta zilikuwa turubai, siri haikuwezekana tena. Wanaume walijifunza kubadili mwendo na sauti ili wasitambulikane. Wanawake wapendao wanawake walikabiliwa na hatari ya kunajisiwa na watu waliodai kwamba wanawarekebisha.

Mfano huu una mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba Haiti haikuwa na sheria ya kuwaadhibu watu hawa. Kwa hiyo ukosefu wa sheria ya adhabu hautoshi kumwingiza mtu katika mgao. La pili lahusu neno kaya. Sisi tumelichukua neno hili katika Kiswahili sanifu kwa maana ya watu walao chungu kimoja, lakini kwa Wamijikenda kaya ni makazi ya kale ndani ya msitu, mahali pa asili na pa ibada. Neno moja, mipaka miwili. Vivyo hivyo mtungaji wa fomu anapoandika "kaya" huwa na mpaka wake akilini, na mara nyingi mpaka huo ni baba, mama na watoto. Marafiki watatu walioishi chumba kimoja kwa miaka kumi, wakauguzana na kuzikana, huwa nje ya mpaka huo, ingawa walikuwa wakila chungu kimoja.

5. Nepal na Marekani: hati na bafu

Mtu aweza kudhani kwamba dawa ni hukumu ya mahakama. Nepal yatufunza kwamba hukumu ni mwanzo tu. Mwezi wa Desemba 2007 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba watu wa jinsia ya tatu watambuliwe na wapewe vyeti vya uraia vinavyowafaa. Sensa ya mwaka 2011 ilijaribu kuwahesabu. Hata hivyo vyeti vyenyewe havikuanza kutolewa kwa utaratibu wa jumla kwa jinsia hiyo hadi mwaka 2013, na walio wengi walikuwa bado na vyeti vya zamani pale nchi ilipopigwa na tetemeko la kipimo cha 7.8 tarehe 25 Aprili 2015. Karibu watu 9,000 walikufa.

Ruzuku ya kujengea upya nyumba, ambayo hatimaye ilifika rupia 300,000, ilitolewa kwa masharti: cheti cha uraia na hati ya ardhi. Hebu tufikirie mtu aliyezaliwa akaandikwa jina la kiume, ambaye kwa miaka mingi amevaa na kuishi kama mwanamke. Akiwasilisha cheti chake, karani hutazama picha, hutazama uso, na husema hiki si chako. Ama kuhusu hati ya ardhi, aliyefukuzwa kwao hana shamba la urithi. Alikuwa mpangaji wa chumba mjini. Nyumba iliyoanguka haikuwa yake, ingawa maisha yaliyofukiwa ndani yake yalikuwa yake.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya nchi maskini tu. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga kusini mwa Marekani, na sehemu kubwa ya mji wa New Orleans ikafunikwa na maji. Watu walihamishiwa Texas. Katika makao mamoja ya huko, mwanamke mmoja ambaye alizaliwa akaandikwa mwanamume alikwenda kuoga katika bafu la wanawake. Akakamatwa na kuwekwa rumande kwa siku kadha. Mtu alikuwa ameokoka gharika, akaingia kifungoni kwa sababu ya kunawa.

Mfano wa bafu ni mdogo kwa sura lakini si mdogo kwa maana. Watu wengi hufikiri msaada ni chakula na dawa. Kwa mtu anayeogopa kupigwa, bafu lisilo na komeo ni sababu ya kutosha ya kuikimbia kambi. Na akiikimbia kambi, huondoka pia katika orodha ya chakula, ya daktari na ya mahema. Hivyo mlango usio na komeo huweza kumnyima mtu hata unga.

6. Lawama

Lipo jambo jingine ambalo hufuata maafa karibu kila mahali, nalo ni kutafuta mkosaji. Huko Haiti yalisikika mahubiri yaliyosema kwamba tetemeko lililetwa na dhambi za masisi. Baada ya Katrina, mhubiri mmoja wa Marekani alitangaza kwamba Mungu ameufuta mji uliokuwa tayari kufanya tamasha la mashoga siku hizo hizo.

Hatutaki kuingia hapa katika elimu ya dini, ambayo ina wenyewe. Twataka kuipima hoja yenyewe tu. Tamasha lile la New Orleans hufanyika katika mtaa wa kale wa Wafaransa, ambao umejengwa juu ya ardhi iliyoinuka kuliko mitaa mingi. Maji yaliyozamisha sehemu kubwa ya mji hayakuuzamisha mtaa huo kwa kiasi kikubwa. Yalizamisha vitongoji vya bondeni, vyenye wafanyakazi, wazee na makanisa. Sababu ya msiba ilikuwa kuta za kuzuia maji zilizovunjika. Tetemeko la Haiti nalo lilikuwa na sababu yake katika miamba, na wingi wa vifo ulitokana na zege duni.

Lawama hizi zina madhara mawili. Humtia mnyonge hatarini wakati ule ule anapohitaji jirani, na humwondolea mjenzi wa ukuta mbovu jukumu lake. Jamii inayomlaumu masisi kwa tetemeko haitauliza ni nani aliyetia mchanga mwingi kuliko saruji.

7. Yogyakarta: wapokeaji na watoaji

Mpaka hapa tumewaeleza watu hawa kama wapokeaji tu, na maelezo hayo peke yake si ya haki. Indonesia yatupa upande wa pili. Huko wapo watu waitwao waria, neno lililoundwa kwa kuunganisha wanita, yaani mwanamke, na pria, yaani mwanamume. Mwanalugha hawezi kulipita neno hili bila kulitazama: badala ya kutukana, jamii iliunganisha silabi.

Tarehe 27 Mei 2006 tetemeko liliupiga mji wa Yogyakarta na kuua watu zaidi ya 5,700. Waria waliosalia walikusanyika kuwaombea dua marafiki waliokufa. Mikutano hiyo ya dua ndiyo iliyozaa mwaka 2008 chuo kidogo cha Kiislamu cha waria, ambamo walijifunza kusoma Kurani na kusali. Mlima Merapi, ulio karibu na mji huo, ulipolipuka mwishoni mwa mwaka 2010, zaidi ya watu 300 walikufa na mamia ya maelfu wakahama. Safari hii waria walikwenda kambini wakiwa watoaji. Walikusanya chakula, wakawakata nywele na kuwapamba waliohamishwa bila kuwadai malipo. Ni ufundi waliokuwa nao, kwa kuwa wengi wao ni wenye saluni. Mwanamke aliyelala juu ya mkeka kwa majuma mawili, akakatwa nywele na kusukwa, hurudishiwa kitu ambacho hakimo katika orodha ya misaada.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini katika taarifa rasmi za maafa ni nadra kuona watu hawa wakitajwa kwa mchango wao. Hawakuandikwa walipohitaji, na hawakuandikwa walipotoa.

Katika mji huo huo, mwezi wa Novemba 2006, miezi michache tu baada ya tetemeko, wataalamu wa sheria kutoka nchi mbalimbali walikutana na kutunga Kanuni za Yogyakarta, zinazoeleza jinsi sheria za kimataifa za haki za binadamu zinavyowahusu wachache wa kijinsia. Kabla ya hapo, mwaka 1994, mashirika ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu pamoja na mengine yalikwisha kukubaliana kwamba msaada hutolewa kwa kuangalia haja tu, bila ubaguzi wa aina yoyote. Hivyo kanuni hazikosekani. Umbali uliopo ni kati ya kanuni na karatasi anayoshika karani.

8. Hatari ya kuandikwa

Sasa turejee kwetu, na hapa hatuna budi kuwa waangalifu. Msomaji aliyetufuata aweza kusema: basi dawa ni rahisi, tuongeze safu ya tatu. Kwa upande wa huntha hatua imekwisha chukuliwa: sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, wakapatikana watu 1,524. Hilo ni jambo la kupongezwa.

Lakini kwa wale wengine orodha ina makali pande zote mbili. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo ni urithi wa utawala wa Mwingereza, vyaweza kumfunga mtu hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta mwezi wa Mei 2019. Ni kweli kwamba mwezi wa Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kuwa watu hawa wasinyimwe haki ya kuandikisha shirika lao kwa sababu ya mapenzi yao. Hata hivyo, katika hali hii, safu inayomtaka mtu ajitaje mbele ya mzee wa mtaa, na karatasi ile ikalala mezani mwa chifu, yaweza kumpa unga leo na kumtia mashakani kesho. Asiyeandikwa hufa njaa, aandikwaye huogopa. Huu ndio mtego halisi, na ye yote anayetoa ushauri bila kuutaja hajawatakia mema watu anaowatetea.

Je, tutokeje katika mtego huu? Twaona njia katika kutenganisha mambo mawili ambayo fomu zetu huyachanganya: kumhesabu mtu na kumpambanua. Kwa ajili ya unga, mafuta na blanketi hapana haja ya kumpambanua mtu. Tumbo halina jinsia. Safu ya jinsia yahitajika pale tu inapobadilisha kitu anachopewa mtu, kama vile huduma za wajawazito. Pengine popote yaweza kuondolewa bila hasara. Badala ya "mkuu wa kaya na mkewe" fomu yaweza kusema "watu walao pamoja", na kila mmoja akaandikwa kwa jina analoitwa. Mahali pa kitambulisho kilichopotea au kisichofanana na uso, ushahidi wa majirani wawili waweza kukubaliwa, kama unavyokubaliwa kwa wazee wasiokuwa na vyeti. Na bafu liwe la mtu mmoja mmoja, lenye komeo. Jambo hili litawafaa pia wasichana na walemavu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mageni. Tuwakumbushe jambo lililomo katika vitabu vya mirathi vinavyosomwa pwani yetu tangu zamani. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii walikutana na swali la huntha ambaye jinsia yake haijabainika: apewe fungu la mwana wa kiume au la wa kike? Jawabu lao lilikuwa kwamba apewe kwanza lile fungu lililo yakini, na kinachobaki kisimamishwe mpaka hali ibainike. Twaeleza haya kwa uangalifu, kwani wanazuoni hao walikuwa wakizungumzia maumbile, si mapenzi, na hatutaki kuwasingizia wasilolisema. Lakini utaratibu wao una funzo kwa kila mgawaji. Shaka yao juu ya mtu haikuwa sababu ya kumtoa katika mgao. Walimpa lililo yakini, kisha wakaendelea na shaka yao.

9. Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba taabu za wachache wa kijinsia wakati wa maafa huanza kabla ya maafa, katika maneno ya kuhesabia watu. Tamil Nadu ilitupa mtu asiye na safu. Haiti, mtu asiye na kaya. Nepal, mtu asiyefanana na hati yake. Texas, mtu asiye na bafu. Yogyakarta ilitukumbusha kwamba watu hawa ni majirani wanaotoa kama wanavyopokea. Tumeonya pia kwamba mahali penye sheria za adhabu kuandikwa kwaweza kuwa hatari kama kutoandikwa.

Ama ile fomu tuliyoitaja mwanzoni, ilirudishwa kwa wenyewe ikiwa na mapendekezo mawili pembeni: "mkuu wa kaya" liwe "mtu anayechukua mgao kwa niaba ya walao pamoja", na safu ya mume au mke iondolewe. La kwanza lilikubaliwa. La pili lilikataliwa, kwa maelezo kwamba fomu ingeonekana pungufu. Mvua za masika zitarudi, na karatasi hizo zitatolewa tena makabatini. Ni wajibu wetu sisi tunaofundisha lugha hii kuwaandaa wanafunzi watakaozitunga na kuzifasiri, ili wanapoandika neno mtu wajue kwamba neno hilo, katika ngeli yake ya kwanza kabisa, halikumwacha ye yote nje.